Mtoto Asiyeitikia

Wonogiri, 5 Septemba 1994

Kwa Bu Tukinem, Palembang

Assalamu alaikum.

Mimi ni Yusnidar, mwalimu wa darasa la kwanza wa binti yako Maharani. Hatujaonana, kwa kuwa siku ya kuandikishwa mtoto aliletwa na bibi yake. Anuani yako nimeipata ofisini.

Naandika jambo zito, nawe naomba ulipokee kwa utulivu. Kila asubuhi nikiita majina, watoto wote huitikia "nipo". Maharani haitikii. Nikirudia, anaziba masikio kwa viganja na kulaza kichwa kwenye dawati. Nikimwendea na kumshika bega, anatetemeka. Huu ni mwezi wa pili, na sijaona mabadiliko.

Nimekwenda nyumbani mara moja. Mama yako alinikaribisha vizuri, chai na mihogo ya kukaanga. Lakini nilipotaja tu jina la mtoto, aliinuka akasema anakwenda kuangalia kuku. Ilikuwa magharibi, Bu. Kuku walishaingia bandani.

Mwalimu mkuu anaamini mtoto ni kiziwi, au akili yake haijatimia. Tarehe 12 Novemba kutakuwa na kikao cha walimu. Kama hali itabaki hivi, ataandikiwa kuhamia shule maalumu ya bweni huko mjini. Kabla ya hapo naomba ruhusa yako nimpeleke apimwe masikio.

Wako katika malezi,
Yusnidar


Palembang, 14 Septemba 1994

Kwa Bu Guru Yusnidar

Alaikumu salaam.

Barua yako nimeisoma nimesimama, huku supu ikichemka na vijana wangu wanne wakisubiri kujaza mikokoteni yao. Nauza bakso, supu ya vidonge vya nyama. Nilianza na chupa za dawa za mitishamba mgongoni, nikitembea mtaa kwa mtaa, mpaka nikapata mkokoteni mmoja, na sasa ninayo minne. Nakueleza ili ujue unaandikiana na mtu anayejua kujumlisha.

Basi tujumlishe. Mwezi uliopita mama yangu alinitumia daftari la mtoto nilione. Hesabu, kapata nane kwa kumi. Sawa, hesabu inaandikwa ubaoni. Lakini imla, kapata tisa. Tisa, Bu Guru! Imla husomwa kwa mdomo, na mdomo ni wako. Kiziwi gani anapata tisa kwenye imla? Na mwenye akili pungufu anaipataje? Sahihisho la kalamu nyekundu ni lako, nimelifananisha na mwandiko wa barua yako.

Kwa hiyo masikio anayo, na akili anayo. Sasa niambie kinachotakiwa hasa. Kuna mtoto wa mkubwa fulani anatafutiwa dawati? Au mwalimu mkuu hataki mtoto wa muuza bakso aharibu sura ya darasa? Kijana wangu Gito alipoisikia barua yako, maana niliisoma kwa sauti, alisema, "Dada Nem, hao wakianza na masikio watamalizia na mfuko." Nikamwambia afunge mdomo akamenye vitunguu. Lakini sijasema kakosea.

Jambo moja zaidi. Jina hilo, Maharani Puspaningrat, jina la kimalkia, nililichagua mwenyewe. Mimi naitwa Tukinem. Kila ofisi niliyoingia, karani ananiuliza, "Tukinem nani?" Namjibu, "Tukinem, basi." Wanaangaliana, wanacheka. Nikaapa mwanangu hatachekwa. Mkiliita jina lake, liiteni vizuri, lote, labda ndipo ataitika.

Ruhusa ya kumpima masikio sitoi.

Tukinem


Wonogiri, 24 Septemba 1994

Kwa Bu Tukinem

Assalamu alaikum.

Simtafutii mtoto wa mtu dawati, wala sitaki mfuko wako. Lakini kuhusu imla umenishinda, na nimeona haya kwamba sikulifikiria mwenyewe.

Baada ya barua yako nilifanya majaribio. Nilimpa mgongo nikaangusha chaki, akageuka. Nilinong'ona, "Nani anataka kufuta ubao?" akanyoosha mkono. Anasikia kuliko mimi. Kisha nikasema "Maharani", kwa upole kabisa, na jina zima kama ulivyotaka. Viganja vikaruka masikioni. Safari hii nilikuwa karibu, nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasema, "Si mimi, si mimi, si mimi."

Bu Tukinem, huo si utundu. Hiyo ni hofu. Mtoto anayeliogopa jina lake mwenyewe, kuna kitu humpata kila likitajwa. Hapa shuleni hapigwi. Nimebaki kujiuliza kuhusu nyumbani.

Nilirudi kwenu juzi bila taarifa. Nikiwa bado kwenye kona ya uzio wa mianzi nilisikia bibi akimwita mtoto jikoni, jina sikulishika, na mtoto akacheka na kujibu. Nilipobisha hodi, pakawa kimya kama redio iliyozimwa. Jirani yenu Bu Marmi, mwenye duka, alikuwa barazani akichambua dengu. Nikamuuliza, "Bu, huyu mtoto ana shida gani?" Akasema, "Shida? Hana shida. Mwalimu asipomshughulisha, hana shida." Kisha akachambua dengu kwa bidii ambayo sijapata kuiona.

Kitu kimoja nimekirekebisha, na nadhani utafurahi. Wenzake walikuwa wanamzomea uwanjani kwa jina la kishamba, "Poniyem! Poniyem!" Nimelipiga marufuku. Atakayelitamka anafagia darasa wiki nzima. Tangu hapo hawalitaji tena. Ila ajabu, yeye naye hachezi tena. Anakaa kwenye ngazi mpaka kengele igonge.

Naomba uniambie kwa uwazi: mama yako humpiga?

Yusnidar


Palembang, 3 Oktoba 1994

Kwa Mbok, mama yangu, kwa mkono wa Bu Marmi atakayekusomea

Mbok, sijambo, biashara haijambo, kwa hiyo tusipoteze muda.

Unamfanya nini mwanangu?

Mwalimu ananiandikia kwamba mtoto akisikia jina lake anatetemeka. Wewe ukiulizwa unakimbilia kuku. Bu Marmi akiulizwa anakimbilia dengu. Mna nini nyinyi? Mimi siko huko, lakini si mjinga. Nikiwa mdogo ulinichapa kwa ufito wa mwanzi kwa kumwaga tui la nazi moja. Kama unamchapa na yeye, kila ukimchapa unamwita kwa jina lake lote, basi nimeshaelewa, na nitapanda meli nije nimchukue. Nina chumba. Nina godoro. Sitakuwa na wa kumwangalia mchana, lakini nitamfunga mgongoni kama nilivyozifunga chupa.

Na nani hao wanaomwita Poniyem? Nataka majina ya mama zao. Mwalimu mgeni, kwa jina lake tu ni mtu wa Padang, ana uchungu na heshima ya mwanangu kuliko watu wa damu yangu.

Nijibu sawasawa, usinizungushe.

Mwanao,
Tukinem


Wonogiri, 11 Oktoba 1994

Kwa mwanangu Nem

Haya anayasema mama yako, mimi Marmi naandika tu.

Nem, mtoto hajambo. Anakula. Juzi alikula kisamvu sahani mbili. Mtoto hachapwi, nani amchape, mimi mkono wenyewe hauinuki juu ya bega. Mtoto analala vizuri. Mtoto ananisaidia kutwanga. Wewe fanya kazi yako, usimsikilize yule mwanamke. Yeye ndiye mbaya. Kila siku ya Mungu anamwita mtoto, asubuhi, tena mbele ya watu, tena kwa sauti. Anamtafutia nini? Anataka kumrudishia? Mwambie aache. Akimwacha mtoto bila kumwita, mtoto atasoma vizuri tu.

Usije kumchukua. Huko kuna mbu.

(Nem, mimi Marmi naongeza hapa, mama yako kaenda kupepeta mbegu za mpunga. Usimgombeze sana. Mwezi wa sita haukuwa mwepesi hapa. Mimi siwezi kusema zaidi, nilikula. Karatasi hii nimetoa dukani kwangu, usijali.)

Mama yako


Palembang, 18 Oktoba 1994

Kwa Bu Yusnidar

Assalamu alaikum.

Leo nakuandikia bila hasira, au hasira yangu imehama nyumba.

Mama yangu ameniletea barua. Nimeisoma mara ya kwanza kama mtoto, mara ya pili kama mfanyabiashara anayehisi mzani umechezewa. Barua nzima anasema "mtoto". Mtoto anakula, mtoto analala, mtoto anatwanga. Hakuna mahali hata pamoja anapomtaja kwa jina. Bibi gani hamtaji mjukuu wake? Halafu anasema wewe unataka "kumrudishia". Kumrudishia nini? Na Marmi anasema hawezi kusema kwa sababu "alikula".

Nilikaa na hilo neno mpaka supu ikakauka. Alikula nini?

Bu Guru, wewe ni mtu wa mbali, haya huyajui, na mimi niliyezaliwa humo ndiye niliyepaswa kuyajua kwanza. Kwetu mtoto akiugua akapona, akaugua tena, wazee husema jina limemwelemea. Jina ni kubwa kuliko mwili. Basi hupikwa uji, nusu mwekundu wa sukari guru, nusu mweupe, majirani wanaitwa na watoto wao, panaombwa dua, mtoto anapewa jina dogo. Aliyekula uji ule halitaji tena jina la zamani. Na mtoto mwenyewe huambiwa: ukiitwa kwa lile, usiitikie, hata akuite nani. Ukiitika, ugonjwa unajua nyumba bado ni ileile.

Nimeandika hayo na mkono wangu haupendi. Sina ushahidi. Nina shaka tu. Mwanangu alizaliwa siku ya Pon, moja ya siku tano za soko katika kalenda ya wazee wetu. Unajua mtoto wa kike aliyezaliwa Pon wazee wangu wangemwita nani? Umeshaniandikia mwenyewe, na mimi nikataka majina ya mama zao.

Nakuomba jambo moja. Usimuulize mama yangu, atakimbilia kuku. Usimuulize Marmi. Siku moja darasa likitoka, mpe mtoto mgongo kama ulivyofanya kwenye chaki, na umwite kwa jina lile ulilolipiga marufuku. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtu. Halafu uniandikie kilichotokea, usinipunguzie.

Naomba Mungu nimekosea.

Tukinem


Wonogiri, 27 Oktoba 1994

Kwa Bu Tukinem

Hukukosea.

Nilikuwa nafuta ubao. Nikaita, "Poniyem." Nikasikia dawati likisogea, na "abee, Bu Guru", palepale, kama alikuwa anasubiri. Nilipogeuka alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni. Kisha akaangalia mlangoni na kuniuliza kama atafagia.

Nikamuuliza, "Ufagie kwa nini?"

"Umelitaja, Bu. Si anafagia aliyelitaja? Basi tufagie wote."

Nikafagia naye. Watoto wale hawakuwa wanamzomea. Walikuwa wanamwita kucheza.

Jioni nilikwenda kwa mama yako. Safari hii nilipofika mlangoni nilisema, "Nimemleta Poniyem." Akakaa chini kwenye mkeka, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Basi wewe pia ingia ule." Sijui nilikula nini, mihogo tena nadhani, lakini alinieleza yote. Mwezi wa sita mtoto alishikwa na homa na degedege mara mbili katika wiki moja. Mara ya pili walidhani amekwenda. Alipozinduka ndipo wakapika uji. Hakukuandikia. Nilimuuliza sababu, akasema nisimuulize mimi, atakwambia wewe.

Kuhusu mambo ya majina na magonjwa mimi sina la kusema, ila nimemweleza homa ya namna hiyo mtoto apelekwe zahanati siku hiyohiyo, na amekubali. Nimemwonyesha pia jinsi ya kumlaza ubavu.

Sasa ubaya uliobaki. Nimemweleza mwalimu mkuu. Akasema, "Bu Yus, rejista inafuata cheti cha kuzaliwa, haifuati uji." Ama mtoto aitikie jina la cheti kabla ya kikao, ama ahamishwe. Nilibishana naye mpaka akanyoosha kidole kimoja: mzazi aliyelisajili jina akiandika kwa mkono wake kwamba anakubali mtoto aitwe vingine shuleni, ataisoma barua hiyo kikaoni. Mzazi, si bibi. Barua yako iwe imefika kabla ya tarehe 12.

Najua ninachokuomba. Jina lile ulilipigania.

Yusnidar


Wonogiri, 28 Oktoba 1994

Kwa Nem

Marmi anaandika, mimi nasema, na leo sikimbii.

Mtoto aligeuza macho, Nem. Alikuwa mgumu kama ubao wa kufulia. Nilimbeba mpaka barabarani usingizi wa watu wote ukakatika. Ningekwambia ungekuja, na ungekuja ungemchukua, na mimi ningebaki na kuku. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Jina ulilompa lilikuwa zuri. Sikusema ni baya. Lilikuwa zito kwake, basi. Tangu tulipopika ule uji hajashikwa tena.

Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi. Yeye mwache aitwe.

(Marmi: alilia alipokuwa anasema hapo mwisho. Kanikataza nisiandike.)

Mama yako


Palembang, 19 Novemba 1994

Kwa Bu Yusnidar

Assalamu alaikum.

Telegramu yako nimeipata: amebaki darasani. Nashukuru kwamba ulikaa kikaoni mpaka mwisho. Barua yangu ya kukubali ilikuwa ya mistari miwili tu, lakini ilinichukua siku nne, na karatasi nyingine zote Gito kazitumia kuwashia moto.

Usidhani nimebadilika. Siamini kwamba jina linaua mtu. Nadhani mtoto alipona kwa sababu ya mvua kwisha na baridi kuingia, na uji ulitokea kupikwa wiki hiyo. Ukinipa hesabu nitakuonyesha. Cheti chake kinabaki kama kilivyo sandukuni kwangu, na nitakibadilisha au sitakibadilisha nitakapotaka mimi. Mama yangu bado sijamjibu. Nimemnunulia koti. Kumjibu ni jambo lingine.

Nilichotaka kukueleza ni hiki. Jumapili nilikwenda kwenye kibanda cha simu, nikapiga kwa mkuu wa kijiji kama tulivyopanga. Nilisikia watu wakimsogeza mtoto, mtu anamwambia ashike hivi, si hivyo, upande wa pili. Halafu nikasikia anahema. Miezi minane sijamsikia, Bu Guru. Mdomo wangu ukafanya ulichokizoea. Nikasema, "Maharani?"

Kuhema kwenyewe kukakatika. Nikajua viganja viko wapi, na simu labda inaning'inia. Mwenye kibanda alikuwa ananiangalia, foleni nyuma yangu inanung'unika, kuna baba mmoja anasema, "Mama, kama huna la kusema tupishe." Nikamgeukia nikamwambia asubiri, nimelipia. Nikaushika ule mkono wa simu kwa mikono miwili, nikangoja mpaka nikasikia mtu anamrudishia sikioni.

Nikasema, "Poniyem."

"Abee, mama."

Hivyo hivyo. Sauti imekuwa nene kidogo, ana meno yaliyong'oka nadhani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kuhusu shule, kuhusu kula vizuri, yote yakapotea. Na yeye akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka wengine chumbani wasikie:

"Nani amekwambia jina langu?"

Nikamwambia, "Nimeuliza."

Tukinem